Malipo nyota tano, majina nyota mbili: serikali mtandao ikitazamwa kutoka kaunta ya steshenari

Ninachokipima hapa si simu wala hoteli. Ni huduma za serikali mtandao za Tanzania, zote kwa pamoja kama bidhaa moja, maana hivyo ndivyo zinavyofika kwenye kaunta yangu. Mteja haji akasema anautaka mfumo wa wakala fulani ulio chini ya wizara fulani. Anasema, "Mama, nataka kumwombea mtoto mkopo," anaweka bahasha ya kaki juu ya kioo, anavuta stuli. Mlango upi unafunguliwa kwanza na upi unafuata, hiyo ni kazi yangu, na ndiyo anayonilipia.

Steshenari yangu iko Msamvu, Morogoro, karibu na stendi ya mabasi. Kompyuta mbili, printa, mashine ya fotokopi, mashine ya kulamineti, na kitambaa cha bluu ukutani kwa ajili ya picha za pasipoti. Nilisomea uhazili Tabora wakati wa taipureta, nikachapa barua za watu miaka mingi, nikafungua duka mwaka 2014. Fomu za serikali nimezijua zikiwa karatasi za kununua dirishani, nikazijua zikiwa za kupakua na kujaza kwa kalamu, na sasa nazijua zikiwa ndani ya skrini. Nikisifu, nasifu nikiwa na cha kulinganisha. Nikilaumu, vilevile.

Nianze na sifa, kwa sababu zipo, na kubwa kuliko zote ni malipo.

Zamani kulipia huduma ya serikali ilikuwa safari. Kila taasisi na akaunti yake, kwenye benki yake. Mteja anaandikiwa namba kwenye kipande cha karatasi, anapanga foleni benki, anajaza silipu, anairudisha silipu ofisini, anaambiwa asubiri ihakikiwe. Wengine walitoka Kilosa au Gairo wakiwa na nauli ya kuja na kurudi mara moja tu. Ukikosea tarakimu moja ya akaunti, hela imekwenda kwa mwingine, na hapo imeanza kesi nyingine kabisa. Silipu za kughushi nazo zilikuwepo, ndiyo maana ofisi zilikuwa haziamini karatasi ya mtu.

Mwaka 2017 Wizara ya Fedha ikaleta GePG, mfumo mmoja wa kupokea malipo ya serikali, na pamoja nao kumbukumbu namba, ambayo huku mtaani tunaiita kontroo namba. Ni tarakimu 12, na kila deni lina yake. Ukiwa nayo unalipa kwa simu, kwa wakala au benki, na baada ya muda mfupi mfumo uliokudai unajua umelipa. Leo mteja wangu analipa kodi ya pango la ardhi, ada ya chuo, bili ya maji, faini ya barabarani na ada ya kufungua shauri mahakamani kwa hatua zilezile. Akijifunza moja, zote amezijua. Nina wateja wasioweza kusoma vizuri ambao hawanihitaji tena kwa malipo. Wanakuja kwangu kuchukua namba tu, wanatoka nje kwa wakala wa pale kwenye mwavuli, wanamaliza.

Alikuja mzee mmoja kutoka Mvomero na deni la ardhi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sasa hii hela naituma kwa nani? Nisije nikamtumia tapeli."

Hofu yake ina sababu. Meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zimewaliza watu wengi hapa stendi, na si kila mtu anajua kwamba meseji ya namna hiyo unaweza kuituma kwenda 15040 ili namba ya tapeli ishughulikiwe. Nikamchapia bili yake akaiona: jina lake, jina la anayemdai, kiasi, tarehe ya mwisho. Akalipa kwa simu yake ya kitochi, akiwa amekaa hapohapo kwenye stuli. Meseji ilipoingia akanipa simu nimsomee, halafu akataka na risiti ya karatasi. "Simu inaibiwa. Karatasi itakaa kwenye sanduku." Nikamchapia, shilingi mia mbili.

Kwa nini upande wa malipo umekaa sawa hivi, wakati mengine bado yanavutana? Nimekaa na swali hili muda mrefu, na jibu langu halina utaalamu wowote: aliyeuleta mfumo ndiye anayeshika mfuko. Hazina haikuziomba taasisi zikae kikao zikubaliane. Serikali iliagiza makusanyo yapite humo, na hakuna taasisi isiyotaka kupokea hela. Aliyekuwa na mfumo wake wa zamani akaubadilisha. Aliyekuwa hana akatengeneza.

Sasa majina.

Chukua mkopo wa elimu ya juu, maana ndio msimu wetu mkubwa sisi wenye steshenari, katikati ya mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka. Kwanza cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa kusajili vizazi na vifo, au kama mtoto alizaliwa Zanzibar, kihakikiwe na wakala wao wa kule. Kisha unaingia Bodi ya Mikopo. Ukiweka namba ya mtihani ya kidato cha nne, jina la mtoto linakuja lenyewe kutoka Baraza la Mitihani. Huna haja ya kuliandika. Mara ya kwanza kuliona jambo hilo nilifurahi, kwa sababu najua makosa mangapi huzaliwa kwenye vidole vya mchapaji. Vivyo hivyo kwenye TIN, namba ya mlipakodi, na kwenye kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa kusajili biashara: unaingiza namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, zile tarakimu 20 zinazoanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, na taarifa za mtu zinajaa. Viongozi wetu wanapenda kusema mifumo isomane. Basi hapo inasomana kweli, nimeiona kwa macho.

Lakini mifumo inaweza kusomana vizuri kabisa na ikasomeana makosa. Tuseme cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Zuwena Athumani. Mwalimu wa darasa la kwanza aliandika Zuena Asumani Juma, kwa sababu hivyo ndivyo alivyosikia, na shule ikapeleka jina hilo kwenye mtihani. Kitambulisho cha baba kina Othman. Binti ni mmoja, baba ni mmoja, na kila karatasi ni halali, ina muhuri. Zamani karani wa dirishani alimtazama binti usoni, akamtazama baba, akacheka, akapitisha. Mfumo haumtazami mtu usoni. Unaandika kwa maandishi mekundu kwamba taarifa hazilingani, na hapo safari inasimama.

Basi tunapanda ngazi. Juu ya duka langu kuna ofisi ya wakili, na sitasema uongo, sehemu ya riziki yake inatoka kwa akina Zuwena na Zuena. Hati ya kiapo kwamba majina haya yote ni ya mtu mmoja. Wakati mwingine hati ya kubadili majina kabisa. Muhuri, sahihi, picha, fotokopi, skani, pakia. Mzazi aliyekuja na hela ya ada ya maombi na ya kwangu tu anakuta kuna ya tatu hakuipangia. Nimeona mama anauza kitenge kipya, bado kimekunjwa na karatasi lake, kwa muuza matunda wa stendi ili apande ngazi hizo.

Na kuna alama ya ng'. Mkoa wetu una Wasukuma wengi waliohamia na mifugo yao, na majina yao mengi yana kile kialama cha juu: Ng'wandu, Ng'humbi. Kuna mfumo wa taasisi moja, sitaitaja, unaokikataa kabisa. Ukikiandika unakwambia jina lina herufi zisizoruhusiwa. Unakiondoa, Ngwandu, unapita. Kisha mfumo wa taasisi nyingine unalinganisha na cheti, unakuta kialama kipo, unasema huyu siye. Kijana wa watu amekaa pale anatazama jina la babu yake likikataliwa na kompyuta. Aliyeuandika mfumo huo bila shaka ni Mtanzania, na kila siku anasema ng'ombe na ng'ambo. Ila hakuna aliyemwambia kwamba kuna kanuni moja ya kuandika jina la mtu katika mifumo yote ya serikali. Au kanuni ipo na hakuna aliyemkagua.

Wateja huniuliza, "Sasa hili tunalipeleka wapi?" Ndipo nilipoanza kusoma habari za vyombo hivi, jioni mtandao ukiwa umetulia. Niliyoyakuta yanafaa kuingia kwenye mapitio haya, kwa kuwa bidhaa ukiisifu au kuilaumu ni vizuri kumjua mwenye kiwanda.

Sera ya kwanza ya taifa ya TEHAMA, yaani teknolojia ya habari na mawasiliano, ni ya mwaka 2003. Ugonjwa ninaouelezea hapa ilikuwa imeshautaja: kila mmoja anajinunulia mfumo na viwango vyake, kazi moja inafanywa mara mbili, rasilimali chache zinapotea. Kati ya maeneo yake kumi ya kushughulikia, la kwanza lilikuwa uongozi, yaani awepo wa kusimamia mwelekeo wa nchi nzima. Tume ya TEHAMA ikaja mwaka 2015, kwa Amri ya Rais. Hiyo ni miaka 12. Mtoto aliyezaliwa wakati sera inatoka alikuwa anakaribia kumaliza shule ya msingi. Mwaka uliofuata sera yenyewe ikaandikwa upya.

Wakati huohuo vyombo vingine vilikuwa vinakua. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizaliwa 2003 kusimamia mawasiliano na utangazaji. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote una sheria ya 2006, kwa ajili ya kufikisha minara kule ambako kampuni za simu hazioni faida. Wakala ya Serikali Mtandao ilianza 2012, na kwa Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 ikawa mamlaka kamili, yenye viwango na miongozo ambayo taasisi za umma zinatakiwa kuifuata, na mfumo wa kubadilishana taarifa baina ya taasisi. Kisha ikaja Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, sheria yake ya 2022, ikazinduliwa Aprili 2024. Sikatai hata kimoja kati ya hivi. Kila kimoja nikisoma kazi zake naona kinahitajika.

Ila hebu nimfuate mteja wangu wa mkopo na TIN. Sera ya TEHAMA anaiandaa waziri wa mawasiliano. Mamlaka ya Serikali Mtandao iko Ofisi ya Rais, Utumishi. Kumbukumbu namba ni ya Wizara ya Fedha. NIDA iko Mambo ya Ndani. RITA iko Katiba na Sheria. Bodi ya Mikopo na Baraza la Mitihani ziko Elimu, BRELA iko Viwanda na Biashara, na leseni ya biashara tunaiomba kwenye mfumo wa TAUSI, ambao ni wa TAMISEMI, wanaosimamia serikali za mitaa. Na wizara yenyewe ya mawasiliano imehama nyumba mara nyingi kiasi kwamba kibao cha mlangoni sijui kama hukauka rangi: ilikuwa pamoja na sayansi, 2015 ikachanganywa na ujenzi na uchukuzi, Desemba 2020 ikasimama peke yake na teknolojia ya habari, Septemba 2021 ikaongezewa habari, Desemba 2024 habari ikaondolewa tena. Katikati ya uhamaji huo unategemea nani ampigie simu nani kuhusu kialama cha ng'?

Wanaozijua kamati za harusi watanielewa. Mwenyekiti ana cheo, anafungua kikao, anafunga kikao. Lakini mwenye ukumbi, mpishi na mtu wa muziki wote wana namba ya mweka hazina. Akisema mweka hazina kwamba rangi ni zambarau, ni zambarau. Tume ya TEHAMA, jinsi ninavyoiona kutoka hapa nilipokaa, ilipewa uenyekiti. Inasajili wataalamu wa TEHAMA, inaandaa kongamano kila mwaka, inawalea vijana wabunifu kwenye vituo vyake. Ni kazi nzuri; kijana anayenitengenezea printa namsukuma kila siku akajisajili, maana fundi asiye na anayemtambua ni hasara kwake na kwa mteja. Lakini kuratibu kwa maana ya kumwambia mkuu wa taasisi "mfumo wako hauwashwi mpaka ukubali ng'," hiyo inahitaji sheria mkononi au mfuko mkononi. Sheria waliipata wa Serikali Mtandao, mfuko alikuwa nao Hazina. Na ukitazama ni nini kimenyooka na nini hakijanyooka kwenye kaunta yangu, utaona alama ya mkono wa nani imefika wapi.

Nina binamu Taveta, upande wa Kenya, naye ana duka kama langu, wao wanaita saiba. Tukikutana tunashindana kulalamika. Yeye ana mlango mmoja: eCitizen. Leseni ya udereva, cheti cha mwenendo mwema, kusajili biashara, pasipoti, mteja ana akaunti moja na pasiwedi moja. Mimi mteja mmoja ana akaunti sita. Kenya nao walianzisha Mamlaka ya TEHAMA mwaka 2013, wakaunganisha vitengo vitatu vilivyokuwa vinafanya kazi zinazogongana. Lakini hata kule kilichozisukuma huduma zote chini ya paa moja ilikuwa amri ya hela: mwaka 2023 Rais Ruto aliagiza malipo ya huduma za serikali yapite kwenye namba moja ya M-Pesa, 222222. Ukishazishika hela, mlango unafuata. Binamu yangu hakosi la kusema na hapo, kwa sababu Julai mwaka huohuo mlango huo mmoja ulishambuliwa na wadukuzi, na huduma zikayumba kwa siku kadhaa nchi nzima. Akakaa dukani anapiga soga na wateja. Mimi yakikwama ya mmoja, nafungua ya mwingine. Sijui kama hiyo ni sifa, lakini siku hiyo niliiona kama sifa.

Kuhusu anwani nitapita haraka. Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022 imeweka vibao na namba hadi mitaa ya ndani Kihonda, na postikodi kila kata inayo. Kwenye fomu nyingi sasa kuna sehemu yake. Ila zipo fomu ambazo bado zinalazimisha S.L.P., na mteja asiye na sanduku anaazima la shule, la kanisa, la msikiti. Kuna sanduku la parokia moja hapa mjini ambalo, kwa mujibu wa fomu, limejaa Waislamu.

Nirudi kwenye jambo ambalo hakuna kongamano nimesikia likilizungumza, nalo ni sisi. Ukisoma maelezo ya huduma hizi, mwananchi anajihudumia mwenyewe popote alipo, kwa simu yake. Wengine ndiyo. Wanafunzi wa SUA na Mzumbe wanajihudumia. Wanakuja kwangu kuchapa tu. Menyu ya *152*00# nayo inasaidia kwa asiye na simu janja. Lakini mtu wa Ngerengere mwenye mtoto wa kwanza kufika kidato cha sita anajihudumia kupitia kwangu. Mimi ndiye ninayemfungulia barua pepe, kwa sababu mfumo unaitaka na yeye hajawahi kuwa nayo. Mimi ndiye ninayebuni pasiwedi. Na kwa kuwa ataisahau, na laini aliyosajilia itapotea, kila steshenari ninayoijua ina daftari kubwa la kaunta: jina, barua pepe, pasiwedi, swali la siri na jibu lake. Kwenye kompyuta kuna folda za vyeti vilivyoskaniwa, vya mwaka huu na vya mwaka juzi, kwa sababu mteja atarudi akitaka nakala naye ameshapoteza halisi.

Sheria ya taarifa binafsi ipo, na nikiisoma naona sisi tumo ndani yake, tunakusanya na tunatunza. Lakini hakuna aliyewahi kuja Msamvu akatueleza tulifanye nini lile daftari. Tulichome? Mteja akirudi msimu wa rufaa za mkopo hawezi kuingia. Tulifungie? Wenye akili tunalifungia kwenye droo. Wengine liko wazi pembeni ya mashine, linatumika kuandikia hesabu za vocha ukurasa wa nyuma. Chombo kinachoratibu TEHAMA ya nchi kikitaka kujua serikali mtandao inapita wapi, kingemtuma mtu akakae steshenari wiki moja ya mwezi Julai. Si lazima yangu. Stuli zipo mji mzima.

Bei? Hapa nitakuwa mkweli kama muuzaji. Ada za serikali zenyewe zinajulikana na zinatoka kwenye bili, hakuna wa kukuongezea, na hilo pekee ni mapinduzi kwa sisi tunaokumbuka "ya chai". Kazi yangu ya kujaza maombi ya mkopo ni elfu tano, fotokopi mia, skani mia tano. Gharama inayouma ni ile isiyoandikwa popote: kiapo cha wakili, nauli ya kurudi mara ya pili, siku ya kibarua iliyopotea. Majina yakilingana, huduma hizi ni rahisi kuliko wakati wowote niliowahi kuufahamu. Yasipolingana, ni ghali kuliko enzi za dirisha.

Serikali imeshasema inakuja na Jamii Namba, namba moja ya mtu tangu anapozaliwa, na Mkakati wa Uchumi wa Kidijitali wa 2024 hadi 2034 umeweka mambo ya namna hiyo mbele. Nikisikia hivyo nafurahi kwa wajukuu. Mtoto anayezaliwa leo akiandikishwa jina moja, likafuatana naye shule, mtihani, mkopo, kazi, wakili wa juu atatafuta biashara nyingine. Ila swali langu la kaunta ni kuhusu walio katikati, waliokwishazaliwa, wenye majina matatu kwenye karatasi tatu. Nani atakuwa na mamlaka ya kusema karatasi hii ndiyo mama, hizo nyingine zijirekebishe, bila kumpeleka mtu kwa wakili? Kama jibu ni "taasisi zitakaa kikao", nyota zangu zitabaki zilivyo.

Nyota zenyewe basi. Malipo: tano, na sitoi tano ovyo. Kusomana kwa taarifa kwa mtu mwenye NIDA na majina yaliyonyooka: nne. Majina: mbili, moja kati ya hizo kwa ajili ya namba ya mtihani kuleta jina lenyewe. Msaada mteja akikwama: mbili na nusu, kuna taasisi ambazo simu zao hupokelewa na kijana mpole anayejua kazi, na kuna ambako inaita mpaka inakatika, hao nisiwataje. Mfumo wa e-Mrejesho wa kupeleka malalamiko upo na nimeshautumia kwa niaba ya wateja. Nilijibiwa, kwa lugha ya heshima, kwamba hoja imepelekwa kwa taasisi husika. Uratibu kwa ujumla, tatu, na ningeweka nne kama ningejua mlango mmoja wa kumwelekeza mtu.

Kwa watakaokuja msimu ujao, kwangu au kwa steshenari iliyo karibu nawe: kabla hujaanza ombi lolote, weka cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na namba ya NIDA ya mzazi mezani, soma majina herufi kwa herufi. Kama hayalingani, anza na kiapo, usianze na ombi. Njoo na laini yako mwenyewe iliyosajiliwa kwa jina lako, siyo ya shemeji. Njoo asubuhi, kabla ya saa nne, mabasi ya Dar yakiwa bado hayajaleta watu na mifumo ikiwa bado myepesi. Na pasiwedi yako iandike na kwako pia.